Homa ya Mafundi wa Kuchomelea: Inavyofanana na Malaria na Namna ya Kuitambua

Katika karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam, Kamukunji jijini Nairobi na Katwe jijini Kampala, chuma hukatwa, hukunjwa na kuchomelewa tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Huko ndiko yanakotoka mageti, grili za madirisha, masanduku ya wanafunzi, matoroli, majiko ya mkaa na matangi ya maji. Kazi hiyo ina maradhi na ajali zake, na nyingi zinafahamika kwa mafundi na kwa wahudumu wa afya: vipande vya chuma machoni, kuungua, kupigwa na umeme, vidole kukatwa na grenda. Lipo tatizo moja ambalo hupita mlangoni mwa zahanati bila kutambuliwa, kwa sababu limevaa sura ya ugonjwa mwingine unaojulikana mno. Tatizo hilo ni homa inayosababishwa na kuvuta moshi wa metali, hasa moshi wa zinki.

Mwenendo wake ni huu. Fundi amepata kazi ya kuunganisha mabomba ya gavanaizi kwa ajili ya kibanda cha kuegeshea magari. Ameanza saa nne asubuhi, ndani ya karakana, kwa kuwa nje kuna jua kali. Hadi anafunga kazi hana shida, isipokuwa koo kavu na ladha tamu ya ajabu mdomoni, kama ya sarafu iliyolambwa. Saa moja au saa mbili usiku kiu inamzidi, kichwa kinauma, viungo vinalegea, kisha baridi inamtetemesha hata blanketi mbili hazimtoshi. Joto la mwili linapanda. Usiku wa manane anatokwa na jasho jingi, na kesho yake, au kesho kutwa kwa kuchelewa sana, yuko mzima kama kwamba hakuugua.

Baridi, homa, jasho, nafuu. Mtu yeyote aliyekulia pwani au kandokando ya Ziwa Viktoria akisikia mpangilio huo atatamka neno moja tu, na mgonjwa mwenyewe huwa amekwisha kulitamka kabla ya kufika hospitali. Hununua dawa mseto dukani, hunywa, hupona, na kupona kwake humthibitishia kwamba ilikuwa malaria. Kumbe angepona siku ileile hata kama angekunywa maji matupu. Baada ya wiki tatu anapata kazi nyingine ya gavanaizi, na homa inarudi. Sasa huambiwa ana malaria sugu, au taifodi, na dawa za kuua bakteria huongezwa juu ya zile za kwanza.

Kinachotokea penye moto

Mabati na mabomba ya gavanaizi ni chuma kilichovikwa tabaka jembamba la zinki ili kisishike kutu. Zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 za Selsiasi na kuchemka kwenye nyuzi 907. Chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 1,500. Kwa hiyo fundi hawezi kuunganisha vipande viwili vya gavanaizi pasipo kuichemsha zinki kwanza. Mvuke wake ukikutana na oksijeni ya hewani hugeuka papo hapo kuwa oksidi ya zinki, ule moshi mweupe mzito unaopanda kutoka penye moto na kuacha utando mweupe kando ya mshono.

Chembe za moshi huo ni ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya mikroni moja. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kwenye koromeo. Chembe hizi hupita hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu. Inafaa kukumbuka kwamba oksidi hiyohiyo ya zinki imo katika losheni ya kalamini wanayopakwa watoto wenye upele, na kwamba vidonge vya zinki hupewa watoto wanaoharisha pamoja na maji ya chumvi na sukari. Tofauti iko katika njia ya kuingilia. Ngozi na utumbo huipokea zinki bila fujo, lakini mapafu huichukulia kama mvamizi.

Seli za ulinzi zilizomo mapafuni zinapozimeza chembe hizo hutoa protini za kuashiria hatari, ziitwazo saitokini. Watafiti nchini Marekani, katika miaka ya 1990, walichunguza majimaji yaliyosafishwa kutoka mapafu ya watu waliojitolea kuvuta moshi wa zinki, wakazikuta protini hizo kwa wingi pamoja na chembe nyeupe za damu. Baadhi yake ndizo zilezile zinazopandisha homa pale vimelea vya malaria vinapopasua chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo maradhi haya mawili hayafanani kwa bahati tu. Wavamizi ni tofauti, ila kengele inayopigwa mwilini ni moja, na anayeisikiliza kengele peke yake hawezi kujua nani ameingia.

Mkanganyiko huu si mgeni. Mwaka 1862 daktari Mwingereza Edward Headlam Greenhow aliandika juu ya mafundi waliokuwa wakisubu shaba nyeupe, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Jina aliloupa ugonjwa wao lilitumia neno lilelile ambalo Waingereza wa zamani walilitumia kwa homa ya vipindi ya mabondeni, yaani malaria.

Jambo lingine ambalo mafundi wa enzi hizo walilijua, na wa leo wanalijua pia, ni kwamba mwili huzoea. Anayevuta moshi huo kila siku hupata kinga ya muda mfupi, na kinga hiyo hupotea baada ya siku chache za mapumziko. Ndiyo maana homa hupenda kumpata mtu siku ya kwanza ya kurudi kazini, Jumatatu, au baada ya sikukuu, au mwanafunzi wa ufundi aliyeingia karakanani juzi. Mbu hawana mapumziko ya Jumapili. Homa inayofuata kalenda ya kazi humtaka tabibu atazame upande wa kazi.

Swali la Ramazzini

Mwaka 1700 tabibu Mwitalia Bernardino Ramazzini, aliyefundisha Modena na baadaye Padua, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya mafundi na wafanyakazi. Aliwataka matabibu waongeze swali moja katika yale waliyorithi kwa Hipokrati: mgonjwa anafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita, na fomu za hospitali zina nafasi ya kuandika kazi, lakini nafasi hiyo mara nyingi hujazwa kwa neno moja lisilosaidia: "fundi", "mfanyabiashara", "kibarua". Jibu la kwanza halitoshi. Mazungumzo yanayofaa hayazidi dakika moja:

"Pole, kaka. Unafanya kazi gani?"

"Ni fundi, dokta."

"Fundi wa nini?"

"Kuchomelea. Mageti, grili, kazi kama hizo."

"Jana ulichomelea nini?"

"Mabomba."

"Ya kawaida au ya gavanaizi?"

"Gavanaizi."

"Ndani au nje? Na homa ilianza saa ngapi?"

Jibu la swali la mwisho lina uzito mkubwa. Homa ya moshi wa metali huanza kati ya saa nne na saa kumi na mbili tangu mtu avute moshi, kwa maana ya muda uliopita, si saa za ukutani. Homa iliyoanza siku tatu baada ya kazi haielezwi na moshi huo. Vilevile huulizwa kama wenzake wa karakanani wameugua usiku uleule, kama aliona moshi mweupe mwingi, kama alihisi ladha ya chuma mdomoni, na kama amewahi kuugua hivyo baada ya kazi ya namna hiyo. Mafundi wa siku nyingi hujibu swali hili kwa kicheko; wanaijua homa hiyo kuliko waliowapima.

Macho nayo husaidia. Mwanga wa kuchomelea huunguza uso wa jicho, na maumivu yake, kama mchanga uliomwagwa chini ya kope, huchelewa kwa saa kadhaa mpaka usiku. Fundi anayetetemeka kwa baridi huku akikwepa taa, macho mekundu yakichuruzika machozi, amekwisha kujieleza. Asipewe matone ya ganzi ya kwenda nayo nyumbani, maana yakirudiwarudiwa huharibu kioo cha jicho. Ganzi ni ya kumchunguzia tu.

Kipimo cha malaria

Maelezo haya yote hayamwondolei mtu yeyote kipimo cha malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na fundi wa kuchomelea huumwa na mbu kama jirani yake. Kosa la kudhani kila homa ya fundi ni moshi ni baya kuliko lile la kwanza, kwa sababu malaria iliyoachwa huua, na homa ya zinki kwa kawaida haiui.

Kipimo kikiwa hasi, dawa ya malaria haitolewi, na tabibu huendelea kutafuta. Hapo ndipo swali la kazi linapookoa muda, kwa kuwa pasipo hilo hatua inayofuata huwa ni kutaja taifodi. Kipimo kikiwa chanya, mgonjwa hutibiwa malaria kwa dozi kamili. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba vipimo vya haraka vinavyotumika sana hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo huweza kubaki katika damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyetibiwa wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili akiwa hana kimelea hai. Kwa mtu huyo hadubini huleta jibu lililo wazi zaidi. Hesabu ya chembe nyeupe za damu haiamui kitu peke yake: katika homa ya moshi huwa imepanda, na inaweza kumpeleka tabibu kwenye dawa za bakteria zisizohitajika.

Homa ya zinki yenyewe haina dawa maalumu. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji ya kutosha, hupewa parasetamoli, na huondolewa kwenye moshi. Anaambiwa wazi kwamba atapata nafuu ndani ya siku moja, na asipoipata katika siku mbili arudi. Maneno hayo mawili, "usipopona urudi", ni sehemu ya matibabu, kwa sababu zilizomo katika sehemu ifuatayo.

Wakati ambapo si zinki

Ipo metali nyingine ambayo mwanzo wake hauna tofauti na huu. Kadimiamu hupatikana katika baadhi ya vijiti vya kulehemu vyenye fedha, vinavyotumiwa na mafundi wa majokofu, na kama rangi ya ulinzi juu ya baadhi ya nati na bolti za mitambo. Aliyevuta moshi wake huanza vilevile, kwa koo kavu, homa na baridi, hata akadhani ni ile homa yake ya kila mara. Kisha, badala ya nafuu ya asubuhi, kifua hubana, kikohozi huongezeka, na kati ya siku moja hadi tatu mapafu hujaa maji. Watu wamekufa hivyo. Hali inayokaribiana na hiyo huletwa na gesi ya nitrojeni dioksidi, inayozalishwa na mwali wa gesi ya asetilini ndani ya tangi, shimo au mahali pengine pasipopitisha hewa. Nayo hukaa kimya kwa saa nyingi kabla ya kudhuru.

Kwa hiyo kila fundi mwenye homa hupimwa kasi ya kupumua, na kiwango cha oksijeni kwa kifaa cha kidoleni pale kilipo. Anayehema kwa shida, mwenye oksijeni iliyoshuka, midomo ya samawati au makohozi ya povu hapewi parasetamoli na kurudishwa nyumbani. Hupewa oksijeni na kupelekwa hospitali yenye uwezo wa kumlaza. Aliyefanya kazi ndani ya tangi huangaliwa kwa siku nzima hata kama anajisikia vizuri.

Homa inayopita siku mbili ina maelezo mengine pia. Moshi wa metali huwafanya wachomeleaji wapatwe zaidi na nimonia ya bakteria wa nimokokasi, kiasi kwamba Uingereza hupendekeza wapewe chanjo dhidi yake. Tanzania chanjo hiyo hutolewa kwa watoto wachanga, kwa hiyo fundi mtu mzima hubaki na masikio ya tabibu kama kinga yake ya pili. Sauti za mkwaruzo upande mmoja wa kifua, makohozi ya rangi ya kutu na maumivu ya ubavu ni nimonia mpaka ithibitishwe vingine.

Na hata homa ikipita salama, moshi haukuacha mapafu kama ulivyoyakuta. Mwaka 2017 jopo la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Uamuzi huo ulihusu moshi wa kuchomelea kwa jumla, pamoja na ule wa chuma cha kawaida kisicho na zinki. Homa ya usiku mmoja ni taarifa ya mapema kwamba mtu anavuta moshi mwingi.

Maziwa

Imani imeenea karakanani kwamba glasi ya maziwa husafisha kifua baada ya kuchomelea gavanaizi, na waajiri wengine huona fahari kutoa pakiti moja kwa kila fundi. Maziwa ni chakula kizuri, na hakuna sababu ya kumnyima fundi. Lakini hupita kwenye umio hadi tumboni, na moshi uko mapafuni, havikutani. Aliyekunywa akapona angepona bila kunywa, kama yule wa dawa mseto. Ubaya wa maziwa ni mmoja tu: mwajiri akishayanunua hujiona amemaliza wajibu wake, na fundi akishayanywa huinamia moshi bila wasiwasi.

Ufanisi uko kwingine, na mwingi hauhitaji fedha. Zinki huondolewa kwanza kwa kusuguliwa, sentimita tano hivi kila upande wa mshono, mpaka chuma king'ae, kisichokuwapo hakichemki. Kuiondoa kwa kuichoma moto ni kuuvuta moshi uleule kabla ya wakati, na kuimwagia asidi huzalisha gesi ya hidrojeni inayolipuka jirani na cheche. Kazi hufanywa nje au mlangoni, upepo ukipita ubavuni mwa fundi, si kutoka mgongoni kwake, kwani upepo wa mgongoni huweza kuzunguka mbele ya kifua na kuurudisha moshi usoni. Kichwa kikae kando ya moshi unaopanda. Mafundi wengi huinama juu yake ili waone mshono vizuri, na kuinua kazi juu ya meza huondoa haja hiyo.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo, wala barakoa ya upasuaji. Barakoa ya daraja la N95 au FFP2, ikikaa sawasawa usoni, huzuia nyingi kati yake, ingawa haizuii gesi na haitoshi ndani ya tangi. Miwani ya jua haina nafasi katika orodha hii; ngao ya uso yenye kioo cheusi cha kuchomelea ndiyo kinga ya macho.

Kwa mhudumu anayepata nafasi ya kutembelea karakana, mtu wa kumtazama kwanza ni kijana anayeshika vipande ili visicheze. Fundi mkuu ana ngao. Kijana hugeuza uso pembeni na kufumba macho, na moshi wote ni wake. Ndiye pia asiyejua kwamba homa hii ipo, na asiye na fedha ya kupima malaria mara tatu kwa mwezi.

Uandishi wa kumbukumbu nao una matokeo yake. Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko unaolipa wanaoumia au kuugua kutokana na kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde. Fundi aliyejiajiri chini ya mti kwa kawaida hafikiwi na mfuko huo, lakini aliyeajiriwa katika kiwanda cha matangi au mabehewa anafikiwa, na dai lake huanzia kwenye kile tabibu alichoandika siku ya kwanza. "Homa, malaria hasi, parasetamoli" hakimsaidii. "Homa iliyoanza saa nane baada ya kuchomelea mabomba ya gavanaizi ndani ya jengo, wenzake wawili wameugua, malaria hasi, oksijeni asilimia 97" ni mstari mmoja tu zaidi, na ndani yake wamo hata wale wawili ambao hawajafika zahanati.